Nyumba Zilitangulia, Njia Ikachelewa

Mwaka 1988 Coastal Union, timu ya mji wetu wa Tanga, walipotwaa ubingwa wa soka wa Tanzania, sisi tulishangilia gizani. Ngamiani, tulikohama miezi michache nyuma, watu walimwagika barabarani na ngoma. Huku kwetu, nyuma ya Mikanjuni, kulikuwa na nyumba saba, redio moja ya betri, na mikanju mingi kuliko watu. Baba alisimama nje akapiga makofi, jirani akamjibu kwa kugonga sufuria, kisha kimya kikarudi. Nilikuwa na miaka tisa. Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba tumehama mji.

Kwa msomaji wa bara, mkanju ndio mkorosho. Tanga ina tabia ya kuitunza miti kwenye majina baada ya kuikata: Mikanjuni, Mkwakwani, Majani Mapana. Leo ukimuuliza mtoto wa mtaani kwetu akuonyeshe mkanju, atakupeleka kwenye mmoja uliobaki uani kwa bibi mmoja, nao umeegeshewa mabati. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno zuri la mahali kama pale: kiunga. Kiunga ni pembezoni mwa mji, na ni shamba la miti ya matunda pia. Siku hizi maofisini neno hilo halitumiki sana. Wanasema makazi holela.

Neno hilo holela linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike. Anayelitamka huwa anamwangalia aliyejenga, kana kwamba yule mtu aliamka asubuhi akaamua kuishi bila barabara. Mimi nimekulia humo, na nimeona nani alifika mapema na nani alichelewa.

Ngamiani tulikuwa tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, ile ya ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na jiko la wote. Tulikuwa watu sita. Akija mgeni, watoto tunatandikiwa mkeka ukumbini, na mpangaji anayerudi usiku anaturuka kama anavuka mtaro. Kodi ilipopandishwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, baba alipanda baiskeli yake akaenda kutafuta kiwanja. Hakwenda halmashauri. Alikuwa ameshakwenda miaka mitatu kabla, akajaza fomu, akaambiwa asubiri.

Mzee aliyetuuzia alihesabu miti, hakuhesabu futi. Mikanju minne, minazi miwili, mwembe mmoja, kila mti na bei yake, na ardhi ikaingia humohumo. Mpaka ulikuwa mstari wa minyaa. Hati ilikuwa karatasi ya daftari, mashahidi wawili kila upande, sahihi ya mjumbe wa nyumba kumi na mhuri wake. Karatasi hiyo ipo mpaka leo, imewekwa kwenye bahasha ya kaki pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Watu walioandikiana vile hawakuwa wavunja sheria waliojificha. Walitafuta utaratibu wa serikali, hawakuukuta, wakautumia waliokuwa nao.

Kisha nyumba. Kwanza tulikaa kwenye ya miti na udongo, paa la makuti. Pembeni yake baba alianza kufyatua matofali, mifuko miwili ya saruji mwezi huu, halafu miezi minne hakuna kitu. Mimi naweza kuhesabu maisha yangu kwa hatua za nyumba ile. Msingi ulichimbwa nikiwa darasa la nne. Linta ilifungwa nikiwa kidato cha pili. Tulipaua mwaka niliomaliza shule, tukahamia madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati chakavu. Lipu ya nje imepigwa nikiwa nimeshaoa. Chumba cha mwisho hakijapigwa mpaka leo, na mama hataki kiguswe, anasema kinamkumbusha marehemu baba.

Nikiwa mtu mzima nilisoma habari za Levittown, nje kidogo ya New York, nikakaa muda mrefu nikiitafakari, kwa sababu watu wengi wanapozungumzia viunga vya miji duniani, picha waliyo nayo ni ile. Mwaka 1947 kampuni ya familia ya Levitt ilianza kujenga juu ya mashamba ya viazi. Kazi ya nyumba moja iligawanywa hatua zaidi ya 20, na kila kikundi cha mafundi kilikuwa na hatua yake, kinatoka nyumba hii kinaingia ile. Kasi ilipopamba moto walikamilisha nyumba 30 kwa siku, na mwisho zikazidi 17,000. Siri haikuwa nyundo. Serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kudhamini mikopo ya nyumba tangu mwaka 1934, na sheria ya mwaka 1944 ikawaongezea askari waliorudi vitani. Askari aliweza kuingia kwenye nyumba yake bila kutanguliza hata senti, akailipa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Kule, kwa hiyo, fedha ilitangulia, ikafuata ramani, ikafuata barabara, nyumba, na binadamu akaingia wa mwisho na funguo mkononi. Kwetu binadamu alifika wa kwanza. Akaja na godoro kwenye baiskeli, akaweka nyumba, halafu akakaa kungoja yale mengine. Wengine wamezeeka wakingoja.

Lakini sitaki mtu adhani naitamani Levittown. Mikataba yake ya mwanzo iliwazuia wasiokuwa wazungu kuishi humo. Ilipiga marufuku uzio pia, ili kijani cha nyumba moja kiungane na cha nyingine. Nimelifikiria sana jambo hilo: mtaa usio na ua kati ya jirani na jirani, uliozungushiwa ua usioonekana dhidi ya binadamu mwenzao. Mtaani kwetu tulipakana na Mbondei, Msambaa, Mdigo, na Mmakonde mmoja ambaye baba yake alikuja kukata mkonge. Hakuna karatasi iliyotuchagua. Hilo ni jema kubwa la viunga vyetu, na likija kutajwa hesabu ya mapungufu, lisiachwe.

Sasa nirudi Tanga kabla ya baba yangu, maana mji huu ulichorwa na mkonge na reli. Ujenzi wa reli kutoka bandarini ulianza mwaka 1893. Mwaka huohuo miche ya mkonge ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf, na kati ya miche elfu moja hivi aliyoagiza ilibaki hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 nchi hii ikafika, mwaka 1964, kuzalisha zaidi ya tani 230,000 na kuongoza dunia. Reli ilishuka kutoka milimani na mashambani mpaka maji ya bandari, na ilipopita iliukata mji. Upande wa bahari zikabaki ofisi, maduka, na nyumba za wakubwa kuelekea Raskazone. Upande wa pili wa reli kukawa Ngamiani, kwa Waafrika.

Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: kila mji wa pwani unayajua majina hayo, na kila mmoja wetu anajua yalitenganisha nini. Afya ndiyo ilikuwa kisingizio. Wafanyakazi wa mkataba mashambani waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa, na Ngamiani barabara nazo zikapewa namba: ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Aliyeupanga mji ule hakuona haja ya kutafuta jina.

Nitasema jambo ambalo najua baadhi ya wazee wangu hawatalipenda. Wale watu waliotudharau walituachia barabara. Ukisimama Ngamiani leo unaona mwisho wa mtaa. Gari la zimamoto linaingia, bomba la maji limenyooka, mtaro una pa kwenda, na mtu akifiwa turubai linafungwa bila kumzibia jirani mlango. Barabara zile hazikuachwa pana kwa mapenzi. Zilikuwa za kututawala, kutuhesabu, na kutukusanyia kodi. Ila zilitangulia nyumba, na kilichotangulia nyumba hakiondoki kirahisi. Sisi tuliojenga tukiwa huru, kwa mikono yetu na kwa heshima zaidi kati yetu, hatukuachiana njia. Hilo linaniumiza kuliko neno holela lenyewe.

Kwa nini ikawa hivyo? Wapo wanaojibu haraka kwamba Mswahili hapendi kupangwa. Angalia tarehe kwanza. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Tanga na watu wapatao 61,000, ukiwa wa pili kwa ukubwa nchini baada ya Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 1978 ilikuta zaidi ya 100,000. Katikati ya sensa hizo mbili, mwaka 1972, serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima, na halmashauri za miji hazikurudi mpaka mwaka 1978. Yaani mji uliongezeka kwa zaidi ya nusu katika kipindi ambacho kwa miaka sita haukuwa na halmashauri yake yenyewe ya kuupimia viwanja. Mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa na Benki ya Dunia ulifika Tanga katika awamu yake ya pili, ukatoa viwanja vilivyopimwa, na waliovipata walijenga vizuri tu. Kumbe Mswahili akipewa kiwanja kilichopimwa anajenga ndani ya mipaka yake. Mradi ukaisha, watu hawakuisha.

Halafu mkonge ukaanguka. Kamba za plastiki zilikuwa zimeshashusha bei, utaifishaji wa mwaka 1967 ukabadilisha usimamizi wa mashamba mengi, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi ulikuwa umebaki sehemu ndogo sana ya ule wa 1964. Viwanda navyo vikafuatana. Kiwanda cha mbolea, kilichokuwa fahari ya mji, kikafungwa. Alikokuwa anafanya kazi baba pia wakapunguza watu, akarudi nyumbani na kiinua mgongo kilichotosha mabati na si misumari yake.

Hapa ndipo Tanga inapotofautiana na vitabu. Mara nyingi husomwa kwamba viunga vya mji huota mji unapotajirika: watu wanapata fedha, wananunua gari, wanaenda nje kutafuta hewa. Kwetu watu walitoka nje kwa sababu mshahara ulikatika. Aliyeshindwa kodi ya chumba Ngamiani alihamia palipo na nafasi ya kupanda mihogo na kufuga kuku, na baiskeli ikawa ndiyo daraja lake na mji. Mimi nilizaliwa na mfanyakazi wa kiwandani nikakuzwa na mkulima, na alikuwa baba yuleyule.

Sasa gharama. Aliyechelewa hakulipa yeye, tulilipa sisi, kwa miguu zaidi. Bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi lilikamilika mwaka 1978, na maji ya bomba ya Tanga yalikuwa na sifa. Lakini bomba huhitaji mstari wa kupita, na kwetu hapakuwa na mstari. Lilifika barabara kubwa likasimama. Mama na dada zangu walikwenda kulikuta pale na ndoo, asubuhi na jioni, kwa miaka kumi na mmoja. Maji yalipoingia mtaani hatimaye, yaliingia kwa mipira myembamba iliyopita chini ya vizingiti vya watu kama mizizi ya mvule, ikipasuka kila masika.

Usiku mmoja wa mvua, jirani yetu mjamzito alishikwa na uchungu. Gari lilipatikana, likasimama mbali kwa sababu vichochoro vilishakuwa vyembamba. Wanaume wanne, baba akiwamo, walimbeba kwenye kitanda cha kamba, mmoja akitangulia na kurunzi. Alijifungua salama hospitali ya Bombo. Mtoto yule sasa ni dereva wa bodaboda, na kila nikimwona anavyokunja kona za mtaa ule bila kugusa kuta, nakumbuka kitanda kile kilivyokwama kwenye kona mojawapo mpaka ikabidi wakiinamishe.

Ila kinachonirudia zaidi ni uwanja wa mpira. Kati ya mikanju palikuwa na uwazi, na mwenyewe, mzee yuleyule aliyetuuzia, hakupanda kitu pale. Tulicheza chandimu kila jioni, nusu tukijiita Coastal, nusu African Sports, wanaofungwa wanachuma mabibo. Wasichana walikuwa na upande wao wa rede. Wazee walileta majamvi wakakaa kivulini kumaliza mambo ya mtaa. Maulidi yalisomwa pale, mikutano ya kampeni ya mwaka 1995 ilifanyika pale, na maiti walisaliwa pale kabla mtaa haujapata msikiti.

Mzee alipofariki warithi wakagawana. Nani awalaumu? Walikuwa sita, na wote walikuwa na watoto. Mwaka 1997 uwazi ule ukakatwa viwanja vitano. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao, watu wakasema tuununue, wakahesabu, wakafikia robo ya bei. Akaandika barua kuomba msaada, akajibiwa hakuna fungu. Goli la upande wa mashariki sasa ni sebule ya watu wema kabisa, hunikaribisha chai nikipita. Hakuna aliyedhulumu. Warithi walikuwa na haki, wanunuzi walikuwa na shida ya pa kukaa, mwenyekiti alijitahidi. Ndiyo maana nasema jambo hili halitatuliwi kwa kumtafuta mbaya. Uwanja ule ulikuwa wa kila mtu kwa matumizi na wa mtu mmoja kwa haki, na mji haukuwa na mkono wa kuyaunganisha hayo mawili siku ilipofika.

Baada yetu watoto walihamia kucheza kwenye maboma, zile nyumba zilizopandishwa kuta zikasubiri paa. Mmoja aliangukiwa na tofali la linta. Alipona, lakini jicho moja halioni vizuri.

Siku hizi kuna urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa nyumba zilizokwisha kujengwa, na mimi nilishiriki mtaani kwetu, nikakaa kwenye kamati. Nauunga mkono. Nimemwona mjane aliyetishiwa na shemeji zake akiweka hati mezani na wao wakanyamaza. Nimeona watu wakivunja vyoo vyao wenyewe kuachia njia futi tatu, kwa hiari, baada ya mabishano ya wiki mbili yaliyohitaji imamu na katekista wakae pamoja. Lakini kuchora mstari kuzunguka kilichopo hakuongezi kisichokuwapo. Mpimaji alipomaliza, ramani ilikuwa na viwanja mamia na haikuwa na hata kimoja cha shule, wala cha mpira, wala cha zahanati. Nilimuuliza. Alinijibu kwa upole kwamba yeye hupima ardhi iliyobaki, na hapa haikubaki.

Kuhusu kuta nitasema kidogo tu. Nyumba mpya zinajengwa na ukuta wa futi saba, geti la chuma, na baraza limegeukia ndani. Naelewa hofu ya wezi. Lakini baraza la nje ndilo lililotulea, kila mtu mzima akiwa na ruhusa ya kukuuliza unatoka wapi saa hizi. Tukizuia macho ya majirani, tujue kazi ile nani ataifanya.

Jambo la haraka ni hili lililo mbele yetu. Sensa ya mwaka 2012 ililikuta jiji na watu 273,332. Ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 390,000. Stendi ya mabasi iko Kange sasa. Chongoleani ndiko unakoishia mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, kilomita 1,443, na tangu habari zake zianze madalali hawalali. Mashamba yanakatwa kandokando ya barabara ya kwenda Segera na ya kwenda Pangani. Bado kuna mashamba wazi, na hiyo ndiyo nafasi ambayo baba yangu na majirani zake hawakuachiwa na mtu.

Ninachokitaka hakihitaji fedha za Levitt. Shamba lolote linapotaka kukatwa viwanja, halmashauri ifike kabla ya dalali, ichore njia, mtaro, shule na uwanja, ndipo viwanja vifuate. Mwenye shamba la ekari tano akiachia moja kwa ajili hiyo, nne zilizobaki, zenye njia na hati, zitamlipa kuliko tano za vichaka, na aelezwe hivyo kwa hesabu, mbele ya familia yake. Ile ekari iandikwe kwa jina la mtaa na ipewe hati, kama kiwanja cha mtu yeyote, ili siku mzee atakapofariki isiwemo kwenye mirathi. Na wapimaji waongezwe. Halmashauri inayomwambia mtu asubiri miaka mitatu imeshamwonyesha njia ya kwa dalali.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Pongwe na pikipiki, nikasimama mahali kabla ya kufika Kange. Shamba lilikuwa limefyekwa karibuni, udongo bado mwekundu, na bikoni, yale mawe ya saruji ya kuonyesha mipaka ya viwanja, zimepandwa mistari mpaka chini bondeni. Nyumba hata moja haijaanza. Watoto kama kumi walikuwa wanacheza mpira, na kipa wao, msichana mwenye kilemba cha shule, alikuwa amesimama katikati ya bikoni mbili. Nilimuuliza goli lao ni lile siku zote. Akasema ndiyo, haya mawe yamepimwa vizuri, yako sawasawa na ya upande wa pili.